Nobu ya Mpingo

Fundi Athanas Mloka alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza yake ya kazi, saa nane na nusu mchana, siku ya Ijumaa, Julai mwaka 1995. Miwani ilikuwa bado usoni. Juu ya meza, chuma cha kulehemu kilikuwa bado cha moto, na mahali kilipoegemea ubao ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

Inspekta Editha Mbunda wa idara ya upelelezi alishika waya kwa leso, akauchomoa kwenye soketi. Kisha akachuchumaa.

Jeraha lilikuwa moja, kisogoni, upande wa kulia. Damu ilikwisha kuganda. Hatua mbili kutoka kwenye maiti palikuwa na transfoma, kile kisanduku cha chuma cha kupunguzia nguvu ya umeme, kizito kama jiwe la kusagia. Kona yake moja ilikuwa na damu na nywele chache za mvi.

"Koplo, andika," alisema. "Mlango?"

"Haukuvunjwa, afande," Koplo Abdi alijibu. "Ulikuwa umerudishiwa tu."

"Droo?"

"Ina fedha. Haikuguswa."

"Saa?"

"Anayo mkononi."

Editha alisimama, akatazama kuta. Karakana ilikuwa chumba kimoja, Mji Mpya, baina ya mshona nguo na stoo ya mkaa. Redio zilizofunguliwa, pasi, televisheni tatu zilizogeuziwa ukuta, hayo aliyatarajia. Asilolitarajia ni rafu moja ndefu, imepigwa vanishi, ina pazia la lesi mbele yake kama kabati la vyombo vya bibi harusi. Pazia lilikuwa limevutwa kando.

Rafuni mlikuwa na nafasi tano. Chini ya kila nafasi palibandikwa karatasi yenye namba, kwa wino wa buluu. Namba mbili, tatu na nne zilikuwa mashine za plastiki za kuchezea michezo kwenye televisheni, zimefutwa vumbi, nyaya zake zimeviringishwa vizuri. Namba tano ilikuwa picha tu, imekatwa kwenye gazeti. Namba moja haikuwapo. Pale ilipokaa, vanishi ilikuwa na rangi mbichi, pembe nne, ukubwa wa Biblia.

"Mpige picha marehemu, kisha upige na hapa," Editha alimwambia mpiga picha. "Hasa hapa."

Aliyegundua maiti alikuwa jirani, Filomena, mshona nguo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, suruali ya marehemu imekunjwa mapajani.

"Nilikuwa namletea hii," alisema. "Ilichanika kwenye msumari juzi."

"Ulimwona akiwa hai saa ngapi?"

"Kama saa saba kasoro. Wenzetu walikuwa wanaelekea msikitini. Mtaa ukapwaya. Mimi nikaenda sokoni kutafuta uzi."

"Uliona mtu akiingia kwake?"

"Kwa fundi watu wanaingia kila mara, afande. Sikutazama."

"Alikuwa na ugomvi na nani?"

Filomena alifikiri. "Yunusi wa Msamvu, yule mwenye kibanda cha gemu. Alitaka kununua moja ya zile mashine. Jana walipandishiana sauti."

"Ile iliyokosekana?"

"La. Hiyo hakuna aliyeitaka. Boksi jeusi la kizamani. Ukiiwasha unaona mistari miwili na nukta inayorukaruka. Watu walikuwa wanaicheka. Ilikuwa na nobu mbili za kuzungusha, moja ya plastiki, moja ya mbao."

"Ya mbao?"

"Mbao nyeusi. Mpingo. Nilimuuliza kwa nini haziwi sawa. Akanyamaza." Akaikunjua suruali, akaikunja tena. "Mkewe alifariki bila kumwachia mtoto. Zile mashine ndizo alizokuwa anazilea."

* * *

Daftari la marehemu lilipatikana nyuma ya rafu. Jumamosi asubuhi Editha alilisoma ofisini tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa maishani mwake hakuwahi kushika mashine ya namna ile.

Athanas alikuwa ameandika kama mwalimu. Kila mashine ilikuwa na habari yake: imetoka wapi, imefikaje Morogoro, ndani yake mna nini. Namba mbili aliletewa na Mmarekani aliyekuja kufundisha kilimo mwaka 1983. Uso wa mashine hiyo ulikuwa na rangi ya mbao, na ilikuwa na usukani wa kijiti. Ilitumia umeme wa volti mia na kumi, ndiyo sababu aliitengenezea transfoma. Mmarekani alimsimulia kwamba mwaka uleule biashara ya michezo hiyo ilianguka kwao, kanda zikajaa madukani bila mnunuzi, na kampuni moja ikazifukia jangwani kwa malori. "Nilisikitika," Athanas aliandika, "kama niliyesikia habari za msiba."

Namba tatu ilikuwa nakala ya mashine ya Kijapani, iliyotengenezwa Taiwani, ikaja kwa njia ya Dubai wakati milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye ndugu baharini akaanza kuleta kitu. Aliinunua mwaka 1989. "Wajapani ndio walioifufua kazi hii baada ya kuzikwa," aliandika. Namba nne ilikuwa na nguvu maradufu na rangi nyingi. Aliinunua kwa kiinua mgongo, mwaka kiwanda alichofanyia kazi kilipompunguza pamoja na wenzake mia tatu. Namba tano hakuwahi kuiona. Ilitoka Japani Desemba iliyopita, ilisoma santuri badala ya kanda, na alipata picha yake tu.

Maandishi yote yalikuwa safi. Ukurasa wa kwanza peke yake ndio uliochafuka.

"Namba moja," uliandikwa. "Mchezo wa tenisi. Haina kanda. Mchezo wenyewe umo ndani ya nyaya zake, na hauna mwingine." Chini yake: "Nilipewa na meneja wa shamba alipoondoka." Mstari ulikatwa. "Niliinunua kwenye mnada." Ukakatwa. "Niliiokota." Huo ulikatwa kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

Editha alimsogezea Abdi lile daftari.

"Mtu anayekumbuka hadi rangi ya mfuko uliofungia namba tatu," alisema, "hakumbuki namba moja ameipata wapi."

"Labda aliiba, afande."

"Labda. Basi aliyeichukua jana alikuwa nani?"

Yunusi aliletwa saa nne. Alikuwa kijana mnene, shati la mikono mirefu, jasho juu ya mdomo.

"Alhamisi uligombana na marehemu."

"Tulibishana, afande. Nilitaka aniuzie namba nne. Pale Msamvu abiria wanasubiri basi saa tatu, saa nne. Wanalipa wacheze. Yeye anaifunika na pazia."

"Ulimwambia nini?"

Yunusi aliinamisha kichwa. "Nilimwambia atakufa nazo."

"Akafa."

"Ni maneno tu. Wallahi nimekosa usingizi kwa ajili ya maneno yale."

"Jana saa saba hadi saa nane ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Safu ya pili. Niulizie kwa imamu, niulizie kwa aliyekaa kulia kwangu na kushoto."

Abdi aliulizia. Yunusi alikuwa kweli kwenye safu ya pili, na baada ya swala alibaki kupanga mchango wa maziko ya mtu mwingine.

Kabla hajaruhusiwa kuondoka, Editha alimuuliza neno moja zaidi. "Wewe unazijua mashine hizi. Ile ya kwanza ingeuzwa kwa nani?"

"Hakuna wa kuinunua," Yunusi alisema. "Mwizi wa gemu angebeba namba nne. Mwizi mjinga angebeba televisheni. Aliyebeba ile si mwizi, afande. Anaijua."

* * *

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilifika Jumatatu. Pigo moja, fuvu limepasuka. Daktari aliandika kwamba pigo lilitoka chini kwenda juu. Mpigaji alikuwa mfupi kuliko marehemu, au marehemu alikuwa ameinama. Alama za vidole kwenye transfoma zilikuwa zimefutikafutika, hazikusomeka.

Wiki nzima wateja wa Athanas walifika kituoni kudai mali zao. Editha aliamua kuwapokea mwenyewe. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi chenye jina kwa mwandiko uleule wa buluu. Mwenye pasi alitaja kasoro yake, akaulizwa alipokuwa Ijumaa, akatia sahihi, akaondoka. Mwenye redio vivyo hivyo. Mama mmoja alikuja mara mbili kwa ajili ya jiko la umeme lenye koili moja. Mzee wa Kilakala alikuja kwa mguu na mkongojo kufuata tochi.

Ijumaa iliyofuata meza ilibaki na kitu kimoja: redio ndogo ya betri, imefungwa ndani ya kipande cha kanga. Athanas alikwisha kuitengeneza. Abdi alipoiwasha ilizungumza vizuri.

"Imebaki hii tu, afande. Mwenyewe labda hajasikia habari."

Editha aliinua ile kanga, akainusa. Ilinukia mdalasini.

"Mzee wa Kilakala amefuata tochi," alisema polepole. "Mtu mwenye redio moja nyumbani kwake haisahau. Hii ni siku ya nane. Kikaratasi kinasemaje?"

Abdi alisoma. "Mama Mdalasini. Kinole. Ijumaa."

Waliangaliana.

Sokoni, upande wa viungo, hawakuulizia mara mbili. Mwanamke aitwaye Asha, mwenye meza ya pilipili manga na karafuu, alisema Mama Mdalasini ni Hidaya binti Kondo. Huteremka kutoka Kinole kila Ijumaa na gunia la magome, humuuzia yeye, hurudi jioni.

"Leo amekuja?" Editha aliuliza.

"Leo hakuja. Na Ijumaa ile alikuja, akaniachia mzigo akasema anafuata redio kwa fundi. Aliporudi hakukaa. Alichukua gunia lake tupu akaenda zake. Nilimwambia, Hidaya, hujala. Hakunijibu."

"Gunia lilikuwa tupu?"

Asha alisita. "Lilikuwa na kitu chini. Kidogo. Nilidhani ndiyo redio."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mpole, afande. Mpole na mnyamavu. Kule kwao walimpa sababu ya kunyamaza." Asha alishusha sauti. "Baba yake alikuwa mpishi wa Mgiriki, kwenye mkonge, Ngerengere. Akafungwa kwa wizi, akafia gerezani. Hidaya alikuwa msichana wa shule. Akaacha. Hata posa yake ilirudishwa. Watu wa milimani hawasahau. Mpaka leo wakikasirika humwita mtoto wa mwizi."

"Aliiba nini huyo baba?"

"Sijui. Kitu cha wazungu."

* * *

Kituo cha polisi cha Ngerengere kilikuwa na kabati moja la kumbukumbu za zamani, na mchwa walikuwa wamekwisha kula rafu ya chini. Kitabu cha mwaka 1978 kilikuwa rafu ya juu. Editha alifungua ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka na mistari.

Ilikuwa mwezi Novemba.

Kosa: wizi wa mtumishi. Mali: mashine moja ya mchezo wa televisheni, nyeusi, nobu mbili, moja ya mbao. Mlalamikaji: meneja wa shamba la mkonge, Mgiriki. Mshtakiwa: Kondo Saidi, mpishi, umri miaka arobaini na nne. Mali haikupatikana. Mshtakiwa alikana. Kifungo cha miaka mitatu.

Mashahidi walikuwa wawili. Wa kwanza, mke wa meneja. Wa pili, aliyeapa kwamba alimwona mshtakiwa akitoka mlango wa jikoni na furushi, alikuwa fundi umeme wa shamba.

Athanas Mloka.

Abdi alisoma juu ya bega lake.

"Kwa hiyo alikaa nayo," alisema. "Miaka kumi na saba."

"Alikaa nayo," Editha alisema. "Miaka mingi hakuweza hata kuiwasha, televisheni ziko wapi? Mgiriki ndiye aliyekuja na televisheni yake toka Ulaya, na huku hakukuwa na kituo cha kushika. Televisheni hiyo ilikuwa na kazi ya mchezo huu tu. Kisha mambo yakafunguka, kila mtaa ukawa na televisheni na video, naye akaona yamepita. Akaitoa mafichoni, akaiwekea namba."

Alifunga kitabu, akaomba hati ya kukichukua.

* * *

Barabara ya Kinole iliishia kwenye daraja la magogo, na Land Rover ikaachwa hapo pamoja na dereva. Waliobaki walipanda kwa miguu: Editha, Abdi, na konstebo mmoja wa kike. Migomba ilikuwa imeshika pande zote mbili za njia. Maji yalisikika chini, hayakuonekana. Abdi, ambaye mama yake alikuwa Mluguru, aliwasalimu wakulima kwa lugha ya kwao, nao wakaitikia huku wakitazama sare.

Nyumba ilikuwa ya udongo, imeezekwa bati, imekaa ubavuni mwa mlima. Uani mwanamke mfupi wa miaka thelathini hivi alikuwa amekaa juu ya jamvi, akikwangua gome la mdalasini kwa kisu. Alipowaona aliweka kisu chini, mbali na mkono wake.

"Karibuni," alisema. "Nimewasubiri tangu Ijumaa ile."

"Wewe ndiye Hidaya binti Kondo?"

"Ndiye."

Kizee alitoka ndani, ameshika kizingiti. Editha alimwamkia kabla ya lolote. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanvita, mama yake. Kaeni."

Walikaa. Juu ya meza ndogo ndani ya mlango, mahali ambapo wengine huweka Msahafu au picha ya harusi, palikuwa na boksi jeusi. Nobu yake ya kushoto ilikuwa ya plastiki. Ya kulia ilikuwa mbao nyeusi, laini, imechongwa kwa subira, na juu yake pana mikato midogo ili kidole kisiteleze.

Editha alitoa onyo kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema kitu, na atakalosema litaandikwa na laweza kutolewa ushahidi. Hidaya aliitikia kwa kichwa. Abdi alifungua daftari.

"Umeipata wapi mashine hii?"

"Kwa fundi Athanas."

"Ulimjua kabla?"

"Nilimjua nikiwa mtoto, shambani kwa Mgiriki. Alikuwa fundi umeme. Lakini sikumkumbuka sura. Amenenepa, amevaa miwani. Nilipeleka redio ya mama, mara ya kwanza pazia lilikuwa limefungwa. Ijumaa ile lilikuwa wazi. Akaniona natazama. Akafurahi, afande. Akaanza kunieleza, hii ya kwanza, hii ya pili, kama mtu anayeonyesha wajukuu."

"Ukaitambua."

"Ile nobu." Hidaya alitazama mikono yake. "Meneja alikuwa na binti, Eleni. Rika langu. Alikuwa hana wa kucheza naye, mashine ile inataka watu wawili. Akaniita. Mimi upande wa kulia, yeye kushoto. Siku moja nikazungusha kwa nguvu, ikavunjika. Niliogopa hata kula. Baba akasema, usilie. Akachukua kipande cha mpingo, akachonga usiku na mchana, akaiweka mahali pake. Meneja mwenyewe akacheka akamsifu. Baada ya mwezi mmoja mashine ikapotea. Wakasema, nani mwenye tamaa nayo kama huyu aliyeichongea nobu?"

Mwanvita alikuwa akiokota maganda ya mdalasini jamvini.

"Ulimwambia nini fundi?" Editha aliuliza.

"Nilimwambia mimi ni Hidaya wa Kondo mpishi. Akakaa kwenye kiti. Nilidhani atakana. Hakukana." Sauti yake ilibaki palepale, haikupanda. "Akasema, nilitaka kuifungua nione ndani yake. Basi. Nilitaka kuona nukta inavyotembea. Nikasema nitairudisha kesho. Kesho polisi wakaja. Akasema, niliposhuhudia nilidhani watamfukuza kazi tu. Sikujua watamfunga. Na alipofungwa sikuwa na njia ya kurudi."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwomba, afande. Sikumgombeza. Nilimwambia, panda nami Kinole. Jioni ya leo au kesho. Useme haya uliyoyasema mbele ya mama na wajomba na watu wa pale. Useme mara moja, kisha urudi kwako. Sitakwenda polisi. Sitaki kitu chako." Alifuta vumbi la gome mikononi. "Akasema hawezi. Akasema ana umri wa heshima sasa, watu wa mjini wanamjua. Akasema nichukue mashine yoyote, nichukue hata televisheni. Nikasema nataka hiyo namba moja nimwonyeshe mama. Akakataa. Akasema hiyo ndiyo mwanzo wa zote, bila hiyo nyingine hazina maana. Nilipoishika, akaitoa mkononi mwangu. Akainama kuificha chini ya meza. Akiwa ameinama akasema, Kondo alishakufa, ukweli utamsaidia nini?"

Kuku walipita uani. Abdi aliacha kuandika, akangoja.

"Transfoma ilikuwa pale pembeni," Hidaya alisema. "Nilimpiga mara moja. Alikaa kimya. Nilimwita jina lake, hakuitika. Nikaichukua mashine nikaitia guniani. Redio niliisahau."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia anyamaze. Sijui kama ni kitu kimoja. Mtaniambia nyinyi."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nikimbilie wapi nimwache huyu? Na baba, asiye na hatia, alijaribu kukimbia siku ile walipomfunga kamba, wakasema angekuwa mkweli asingetoroka. Mimi nina hatia. Nimekaa."

Editha alimsomea maelezo yake yote, neno kwa neno. Hidaya aliandika jina lake chini, kwa herufi za shule. Konstebo aliifunga mashine kwenye karatasi ya kaki, akaandika namba ya kielelezo. Mwanvita aliifuata kwa macho mpaka ilipotiwa ndani ya mfuko.

Uani kulikwisha kujaa watu. Walisimama baina ya migomba na ukingoni mwa njia, wanaume kwa wanawake, bila kusogea karibu. Wazee wawili walikalia gogo. Walikuwa ndugu wa Mwanvita, wajomba wa Hidaya.

Editha alimshika Hidaya mkono kuteremka naye. Kizee akasimama njiani.

"Mwanangu," alimwambia Editha. "Nina neno."

"Sema, bibi."

"Walipomchukua mume wangu walimchukua hapa hapa. Alikuja likizo ya Idi. Polisi alisimama pale uliposimama wewe, na nguo kama hiyo, akawaambia watu kwa sauti, huyu ni mwizi. Watu wakasikia. Wengine ndio hawa, bado wapo hai." Alivuta pumzi. "Hakuna polisi mwingine aliyepanda huku tangu siku ile. Na wewe ukiteremka hatapanda mwingine. Waambie."

Abdi alimtazama mkubwa wake. Hakuna kanuni ya jeshi iliyoruhusu jambo hilo. Upelelezi ulikuwa haujafungwa, kesi haijafika mahakamani, na marehemu Athanas naye alikuwa na ndugu zake waliozika wiki iliyopita. Editha aliyajua hayo yote. Aliyafikiri moja baada ya jingine, naye kizee akamngoja.

Akamwachia Hidaya mkono. Akaweka kofia yake sawa, akageukia watu.

"Naitwa Inspekta Editha Mbunda, wa polisi Morogoro," alisema, kwa sauti ya kufika kwenye migomba ya nyuma. "Mwaka 1978 Kondo Saidi alichukuliwa hapa kwa kosa la kuiba mali ya mwajiri wake. Nimesoma kitabu cha kesi ile. Mali imepatikana, na aliyekuwa nayo ni yule yule aliyemshuhudia. Kondo Saidi hakuiba."

Mmoja wa wajomba alivua kofia yake ya kufuma, akaishika magotini, akaitazama. Mwanamke fulani nyuma alianza kulia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyolia siku ya tatu ya matanga.

Mwanvita alitikisa kichwa mara moja, kuonyesha kwamba amesikia. Akaenda kwa mwanawe, akamvisha kanga yake mwenyewe mabegani, kwa kuwa njia ya kuteremkia ilikuwa na umande, akaifunga fundo mbele.

"La baba yako limekwisha," alimwambia. "Nenda ukajibu la kwako."